Namna ya Kuishi Vizuri katika Mtaa Mkongwe wenye Miti Mikubwa Katikati ya Jiji

Kabla ya kutia saini mkataba wa kununua au kupanga nyumba katika mtaa mkongwe wenye miti mikubwa, nenda ukaitazame nyumba hiyo mvua ikinyesha. Madalali hupenda kuonyesha nyumba asubuhi yenye jua, wakati mwanga unapopenya katikati ya majani na kutua barazani, na hapo moyo wa mtazamaji hulainika upesi. Mvua itakuonyesha mambo mengine: gata lililozibwa na majani likimwaga maji ukutani, mahali ambapo barabara inateremkia langoni kwako, na kona ya chumba cha nyuma inayobadilika rangi ndani ya nusu saa. Rudi tena usiku wa siku ya kazi, kisha rudi mwishoni mwa juma, kwa kuwa mitaa ya aina hii iko hatua chache tu kutoka kwenye maofisi, maduka na kumbi za burudani, na utulivu ulioukuta saa nne asubuhi huenda usiwepo saa tatu usiku, wakati watu wa kutoka mbali wanapozunguka wakitafuta pa kuegesha magari.

Siku ya ukaguzi, izunguke nyumba nzima kwa nje kabla ya kuingia ndani, na uangalie usawa wa ardhi. Katika mitaa ya zamani ardhi hupanda polepole bila mtu kuona: majani huanguka na kuoza, njia ya miguu huongezewa tabaka juu ya tabaka, na mwenye nyumba mmoja baada ya mwingine hujaza udongo kwenye kitalu cha maua mpaka kikauegemea ukuta. Ardhi ya nje inapaswa kuwa chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimita 15. Ikiwa imepanda hadi kuifikia sakafu, basi chanzo cha unyevu unaouona ndani umekwisha kukipata, na tiba yake ni koleo na toroli, wala si rangi ya kuzuia maji. Ukiingia ndani, nusa kwanza. Harufu ya udongo mbichi katika chumba kilichopakwa rangi juzi ni jambo la kuuliza bila haya. Fungua kabati zilizoegemea kuta za nje, inua pembe ya zulia, na ubonyeze kwa kidole gumba mbao za chini za kila dirisha, kwa sababu mbao zinazoendelea kubaki na unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi huwa chakula cha kuvu, na mbao zilizooza hubonyea hata kama zimepakwa rangi nzuri. Panda darini na tochi, ukazitazame kenchi pale zinapokutana na kuta, maana ndipo maji ya gata bovu yanapoanza kula.

Nyufa zipo karibu katika kila nyumba yenye umri mkubwa, na haifai kuzikimbia wala kuzipuuza. Ufa wenye upana usiofika milimita 5, ambao hauendelei kupanuka, kwa kawaida ni wa kuziba na kupaka rangi. Ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, ulio mpana zaidi upande mmoja, unaoonekana ndani na nje mahali palepale, na unaorudi baada ya kuzibwa, huo ni wa kumwita mhandisi wa majengo. Ukishahamia, chukua penseli, weka alama fupi kwenye ncha mbili za kila ufa, andika tarehe kando yake, pima upana mahali patatu, kisha rudia kila mwezi. Alama hizo zitakusaidia kuliko maoni ya fundi yeyote aliyeutazama ufa mara moja akaondoka, kwa sababu jambo la kujua ni kama ufa unasogea, na hilo halionekani kwa siku moja.

Mwaka wa kwanza

Nimeishi katika nyumba za namna hii kwa miaka mingi, na ushauri wangu mkubwa kwa anayehamia ni kwamba akae mwaka mzima kabla ya kubadilisha jambo lolote kubwa. Nyumba, udongo ulio chini yake na miti iliyo kando yake vimezoeana kwa makumi ya miaka, na uharibifu mwingi niliouona ulitokea katika miezi mitatu ya kwanza ya mkazi mpya mwenye ari na fedha mkononi. Katika mwaka huo utajua ni dirisha lipi linapata jua la jioni, maji ya mvua kubwa yanakwenda wapi, mti upi unamwaga majani kwa mkupuo na upi unamwaga kidogokidogo mwaka mzima, na chumba kipi ni baridi kwa sababu ya ukuta na kipi kwa sababu ya kivuli. Nunua daftari na uyaandike yote. Utashangaa jinsi orodha ya matengenezo uliyoiandika wiki ya kwanza itakavyotofautiana na ile ya mwezi wa kumi na mbili.

Yapo mambo machache yasiyoweza kusubiri. La kwanza ni umeme. Nyaya za zamani zilifunikwa kwa mpira au kitambaa ambacho kwa miaka mingi hukauka na kumomonyoka, na mara nyingi hazina waya wa ardhini. Basi mwite fundi umeme mwenye leseni azipime zote, pamoja na zile zilizofichwa darini, kabla hujachomeka jiko wala pasi. La pili ni maji ya kunywa. Mabomba ya risasi bado yamo katika nyumba nyingi za kale: kwaruza bomba kwa sarafu, na likiwa laini, likang'aa rangi ya fedha pale ulipokwaruza, na sumaku isilishike, lichukulie kuwa ni risasi. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, kwa hiyo bomba hilo liondolewe. Na mpaka litakapoondolewa, yaache maji yaliyolala humo usiku yatiririke kwanza, kisha tumia ya bomba la maji baridi pekee kwa kunywa na kupikia.

La tatu ni rangi. Rangi zenye risasi zilipigwa marufuku kwa matumizi ya nyumbani nchini Marekani mwaka 1978, na nchi nyingine zilizipiga marufuku kwa nyakati zake, kwa hiyo tabaka za chini kwenye milango na madirisha ya zamani huenda zina madini hayo. Usiisugue rangi hiyo kwa msasa mkavu wala kuichoma kwa moto. Ilowanishe, ikwangue taratibu, watoto wakiwa mbali, na kusanya mabaki yote. Kwa tahadhari hiyohiyo, usitoboe wala kuvunja karatasi ngumu za dari, za paa au zilizozungushiwa mabomba ya maji ya moto kabla ya kujua kama zina asbesto, yaani nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Uingereza haikukamilisha marufuku ya asbesto hadi mwaka 1999, na nyumba iliyojengwa zamani sana yaweza kuwa nayo kwa sababu tu ya matengenezo yaliyofanywa baadaye.

La nne ni gata. Mtu anayeishi chini ya miti mikubwa hana budi kuzisafisha angalau mara mbili kwa mwaka, na mara moja zaidi baada ya majani kupukutika. Ningekuwa na fedha ya kazi moja tu katika nyumba nzima, ningeitumia hapo.

Kuta zinazopumua

Sasa nikae kidogo kwenye jambo ambalo wakazi wapya hulikosea kuliko yote. Joseph Aspdin alipata hataza ya saruji ya Portland nchini Uingereza mwaka 1824, lakini ilichukua miongo mingi kabla saruji hiyo haijaenea, na nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya karne ya ishirini ziliunganishwa na kupigwa lipu kwa chokaa. Chokaa hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika joto la karibu nyuzi 900 za Selsiasi, kisha kuyazimua kwa maji. Ikishapakwa ukutani hufyonza hewa ya kaboni dioksidi na kurudi polepole kuwa jiwe. Ni laini kuliko saruji, ina vitundu vidogo vidogo, na inaruhusu unyevu uliomo ndani ya ukuta utoke nje na kukauka. Ukuta wa namna hiyo haukukusudiwa kuzuia maji kabisa. Ulikusudiwa kulowana kidogo mvua inaponyesha na kukauka upepo unapovuma, na umefanya hivyo tangu siku uliyojengwa.

Mwenye nyumba anapoupaka ukuta huo lipu ya saruji au rangi ya plastiki isiyopitisha hewa, maji yaliyokuwa yakitoka kwa mbele hukosa njia. Najua kwa sababu nilifanya kosa hilo mwenyewe. Katika nyumba yangu ya kwanza ya aina hii, ukuta wa kaskazini ulikuwa na doa la unyevu lililofika magotini, na fundi akanishauri tuung'oe udongo mzee tuupige saruji nzito. Kwa miezi minne ukuta ulikuwa mzuri kama karatasi. Mwezi wa tano doa likaonekana tena, safari hii usawa wa kifua, juu kidogo tu ya mstari ambapo saruji ilikomea, na chini yake kukawa na unga mweupe wa chumvi uliokuwa ukidondoka sakafuni kila nilipofagia. Nilipobandua kipande cha saruji, nyuma yake matofali yalikuwa yamelowa hadi yakawa yanaacha rangi nyekundu kwenye vidole. Maji hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yamepanda juu kutafuta pa kutokea. Tulikuja kuiondoa saruji yote kwa tindo, tukaushusha udongo wa nje uliokuwa umeuegemea ukuta, tukatengeneza bomba la gata lililokuwa limepasuka, tukauacha ukuta wazi kwa msimu mzima, kisha tukaupiga chokaa. Nilijifunza kutafuta kwanza maji yanatoka wapi kabla ya kugusa mahali yanapoonekana.

Ili kujua ukuta wako umeunganishwa kwa nini, kwaruza kwa ufunguo katikati ya matofali mawili, mahali pasipoonekana. Chokaa hukwaruzika na kutoa unga mweupe au wa rangi ya krimu, na mara nyingi utaona ndani yake vidonge vyeupe vya chokaa ambayo haikuchanganyika vizuri. Saruji ni ya kijivu, ngumu, na ufunguo huteleza juu yake. Ukikuta saruji imejazwa juu juu katikati ya matofali laini ya zamani, angalia nyuso za matofali yenyewe: kwa kuwa kiungo ni kigumu kuliko tofali, unyevu na chumvi hutokea kupitia tofali, na uso wake hubanduka kama maganda. Kiungo cha chokaa kinaweza kufanywa upya tena na tena, ilhali tofali lililopoteza uso wake halirudi. Mtafute mwashi aliyewahi kufanya kazi ya chokaa, mwombe akuonyeshe ukuta alioutengeneza si chini ya miaka mitano iliyopita, na umwombe pia ajaribu kwanza kipande kidogo cha ukuta wako. Kazi ya chokaa haina haraka. Lipu hupigwa tabaka kwa tabaka, huwekwa kivulini, hunyunyiziwa maji isikauke ghafla, na fundi anayekuahidi kumaliza kwa siku mbili hajaizoea.

Kwa madirisha ya mbao nitasema kwa ufupi: yatengenezeni, msiyatupe. Mbao za zamani mara nyingi zilitoka kwenye miti iliyokua polepole, ni nzito na zina nyuzi zilizobanana, na fundi seremala mzuri anaweza kukata sehemu ya chini iliyooza na kuunga kipande kipya bila kuligusa dirisha lingine. Mipira ya kuzuia upepo kwenye nafasi za fremu hupunguza baridi na kelele kwa gharama ndogo.

Sheria za uhifadhi

Mitaa mingi mikongwe imesalia hadi leo kwa sababu kuna watu waliotunga sheria ya kuihifadhi, mara nyingine baada ya hasara kubwa. Charleston, katika jimbo la South Carolina, uliweka eneo lake la kihistoria chini ya kanuni za mipango miji mwaka 1931. Ufaransa ilipitisha sheria ya maeneo ya kuhifadhiwa mwaka 1962, Uingereza ikafuata mwaka 1967, na New York ikapata sheria yake mwaka 1965, baada ya umma kushuhudia kubomolewa kwa jengo la stesheni ya Pennsylvania kulikoanza mwaka 1963. Nayataja haya kwa sababu mkazi mpya huiona kanuni hii kama kero ya ofisi fulani, ilhali ndiyo iliyomwachia mtaa alioupenda.

Nenda katika ofisi ya mipango miji ya jiji lako kabla ya kumwita fundi, na uulize mambo mahususi. Je, mtaa mzima umehifadhiwa au ni jengo lako peke yake? Je, ulinzi ni wa sura ya nje tu au hadi ngazi na dari za ndani? Je, kibali kinahitajika kwa kubadilisha rangi, vigae, uzio, dirisha la nyuma, au kwa kufunga sahani ya setilaiti na paneli za jua? Vipi kuhusu miti? Nchini Uingereza, kwa mfano, mtu anayeishi katika eneo lililohifadhiwa hana budi kutoa taarifa ya wiki 6 kabla ya kukata au kupogoa mti wenye shina la kipenyo cha zaidi ya milimita 75, likipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, hata kama mti uko ndani ya uwanja wake mwenyewe. Majibu yote yawe ya maandishi, na uyaweke pamoja na hati ya nyumba. Piga picha za kila chumba na kila upande wa nje siku unayohamia, kwa sababu siku moja utaulizwa dirisha lile lilikuwaje, na pia kwa sababu mwenye nyumba aliyekutangulia huenda alibadilisha kitu bila kibali, na katika nchi kadhaa deni la kurekebisha humfuata anayemiliki sasa.

Ikiwa ukuta wako ni wa pamoja na jirani, mweleze nia yako ana kwa ana kabla ya barua rasmi kumfikia, na mpige picha nyufa zilizopo pande zote mbili mkiwa pamoja. Saa moja ya kukaa na jirani na kamera imeokoa miaka ya ugomvi.

Watu waliokutangulia

Wenyeji wa mtaa wanajua mambo ambayo hayamo katika ramani yoyote: chemba ya majitaka iliyofukiwa chini ya bustani, mwaka ambao maji yalifika ngazi ya pili, mti upi ulidondosha tawi bila upepo. Wasalimie, ukae nao, usikilize zaidi ya unavyozungumza. Mwandishi Jane Jacobs, aliyeishi Greenwich Village mjini New York na kupigania mitaa ya huko dhidi ya barabara kuu iliyokusudiwa kuipasua, alieleza mwaka 1961 kwamba usalama wa mtaa unatokana na macho ya watu walio barazani, madirishani na madukani. Ukuta mrefu usiopenya macho humfanya mwenye nyumba ajione salama, lakini huuondolea mtaa jicho moja. Kwa maoni yangu, uzio unaomwezesha mpita njia kukuamkia ni ulinzi bora zaidi.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 1964 mwanasosholojia Ruth Glass aliandika kuhusu London jinsi watu wa tabaka la kati walivyokuwa wakihamia katika mitaa ya wafanyakazi, nyumba zikatengenezwa, thamani ikapanda, na wakazi wa awali wakaondoka mmoja baada ya mwingine. Jambo hilo linaendelea katika miji mingi, na sisi tunaohamia kwa ajili ya miti na nyumba nzuri tumo ndani yake, tupende tusipende. Hatuwezi kulizuia peke yetu, lakini yapo tunayoweza kuyafanya: kununua kwa wafanyabiashara wadogo waliokuwepo, kuwapa kazi mafundi wa mtaani, kutotoa malalamiko dhidi ya desturi za watu zilizokuwepo kabla hatujafika, kusimama na wapangaji wanapotishiwa kuondolewa kinyume cha sheria, na ukiwa na chumba cha kupangisha, kumpangisha mtu wa kukaa kwa muda mrefu badala ya wageni wa usiku mmoja mmoja. Mtaa wenye nyumba zilizohifadhiwa vizuri na taa zisizowaka usiku, kwa kuwa hakuna anayeishi humo, umekwisha kupotea.

Kuhusu gari, barabara hizi zilichorwa kabla ya magari kuwepo, au kabla hayajawa mengi. Kama unaweza kutembea kwenda kazini, na mara nyingi ndiyo faida kubwa ya kukaa katikati ya jiji, punguza gari moja katika familia. Kwa vyovyote usiliegeshe kwenye udongo ulio kati ya njia ya miguu na barabara, kwa sababu hapo ndipo mti unapopumulia.

Miti

Watu wengi huamini kwamba mizizi huenda chini kwa kina kama matawi yanavyokwenda juu. Sivyo. Mizizi mingi ya mti wa kawaida iko katika sentimita 60 za juu za udongo, ambako kuna hewa na maji, na husambaa mbali kupita ncha za matawi. Gari zito linaloegeshwa kila siku, mtaro wa kebo, rundo la mchanga wa ujenzi, maji ya kuoshea saruji na udongo ulioongezwa juu vyote huiua mizizi hiyo, na mti huchukua miaka kadhaa kuonyesha kwamba umeumia, hata mwenye nyumba asikumbuke chanzo. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa ujenzi nchini Uingereza inafaa kuikariri popote ulipo: pima kipenyo cha shina mita 1.5 kutoka ardhini, kizidishe kwa 12, na hilo ndilo nusu kipenyo la duara lisiloguswa. Shina la sentimita 50 linahitaji mita 6 kila upande. Zungushia kamba kabla mafundi hawajashusha tofali la kwanza.

Mizizi hulaumiwa pia kwa kupasua mabomba ya majitaka. Kwa kawaida huingia pale bomba lilipokwisha kuvuja kwenye kiungo, ikifuata unyevu. Kagua bomba kwa kamera na ulitengeneze. Ukiukata mti na kuliacha bomba, majitaka yataendelea kuingia kwenye udongo ulio chini ya nyumba yako. Hali hubadilika kwenye udongo wa mfinyanzi, ambao hunywea ukikauka na kuvimba ukilowa. Hapo mti mkubwa ulio karibu sana na msingi unaweza kuisogeza nyumba wakati wa ukame, lakini kuung'oa ghafla huurudishia udongo maji yote uliyokuwa ukiyavuta, na ardhi ikainuka pamoja na msingi. Usikate mti kwenye udongo huo bila ushauri wa mhandisi na mtaalamu wa miti kwa pamoja.

Kupogoa ni kazi ya kisu na akili. Mwanasayansi wa Marekani Alex Shigo alionyesha, kwa kupasua maelfu ya mashina, kwamba mti hauponi jeraha kama ngozi ya mtu inavyopona. Huizungushia sehemu iliyoharibika ukuta wa ndani na kuendelea kukua kwa nje. Tazama kwa makini mahali tawi linapokutana na shina: utaona uvimbe mdogo, kama ukosi wa shati, na juu yake mkunjo mweusi wa gome. Ukuta huo wa ndani hujengwa hapo. Kata nje kidogo ya ukosi huo, usiukate kwa kulisawazisha tawi na shina, wala usiache kisiki kirefu kikaoza. Tawi zito likatwe kwa hatua tatu: mkato mfupi kutoka chini, sentimita 30 hivi mbali na shina, mkato wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, tawi lianguke bila kuchuna gome, na mkato wa mwisho kwenye ukosi. Usipake lami wala rangi kwenye jeraha. Usiondoe zaidi ya robo ya majani yote kwa mara moja, usipogoe ndege wakiwa wametaga, na umfukuze yeyote anayekuja mlangoni akiahidi kuukata mti kilele ili uwe salama, kwa maana mti uliokatwa kilele huota machipukizi mengi yaliyoshikilia juu juu kwenye mbao zinazooza, na hayo ndiyo yatakayoanguka.

Mti wa kuita mtaalamu siku hiyohiyo ni ule ulioanza kuinama ghafla, wenye udongo unaopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina, wenye uyoga mgumu unaoota chini kwenye mizizi, au wenye panda iliyopasuka ikaonyesha gome lililobanwa ndani. Kivuli peke yake si ugonjwa. Chini ya mti mkubwa nyasi hazitastawi, na badala ya kupigana nao kila msimu, tandaza majani yaliyooza au maganda ya mbao kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, bila kuyarundika kwenye shina lenyewe.

Mwisho, panda mti mpya kabla ule mzee haujafa. Ugonjwa ulioangamiza mamilioni ya miti ya jamii ya elm barani Ulaya na Amerika ya Kaskazini uliacha mitaa mizima ikiwa mitupu kwa sababu ilikuwa imepandwa aina moja, na mwaka 1990 Frank Santamour alipendekeza kwamba jiji lisiwe na zaidi ya asilimia 10 ya spishi moja, asilimia 20 ya jenasi moja na asilimia 30 ya familia moja. Basi tembea mtaani, hesabu kilichopo, na uchague ambacho hakipo. Chimba shimo pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisilozidi kina chake, ili pale shina linapotanuka na kuwa mizizi paonekane juu ya ardhi. Rudisha udongo uleule, ukanyagie kidogo, umwagilie hadi maji yafike chini, na uendelee hivyo kila wiki isiyo na mvua katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Ukiufunga kwenye nguzo, tumia kamba laini, na uilegeze kila shina linaponenepa.